Maji ya Kuchorwa

"Vua hizo buti, mama," msanii alisema. "Zinaharibu picha."

Ernesta aliinamisha macho akazitazama. Zilikuwa buti za mpira, nyeusi, alizozinunua mwenyewe gulioni kule Same kwa pesa ya tangawizi, na tangu azinunue hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba zinaharibu kitu. Zilimkinga na nyoka, na umande, na mawe ya mfereji. Leo kijana anayelala kwenye kitanda chake Ernesta, chini ya blanketi lake, amekaa juu ya kigoda chake, anamwambia asimame pekupeku kwenye shamba lake.

"Nivue nichomwe na miiba?"

"Dakika chache tu, mama. Nataka ule uhalisia wetu. Mwanamke wa Upareni, jembe, ardhi. Buti ni kitu cha kiwandani."

"Na jembe je? Liliota?"

Asheri akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, hilo Ernesta hakumnyima. Alikuja kijijini Mhezi akitokea Dar es Salaam, na begi la brashi na miguu mitatu ya mbao ya kusimamishia picha, kukaa katika kambi ya wasanii ya mzee Anderson. Kambi yenyewe ilikuwa nyumba ya mabati mekundu juu ya kilima, ina vyoo vya ndani na maji ya moto. Lakini mzee Anderson alikuwa na sharti lake, alilowaandikia wafadhili likawafurahisha sana: msanii asilale kambini, alale kwa wakulima, ale wanachokula. Wakulima walioteuliwa walikuwa Rodrick na mkewe Ernesta. Basi mgeni akapewa chumba cha wenye nyumba, wenye nyumba wakahamia stoo kwenye magunia, na binti yao Blessing akatandika mkeka jikoni. Chakula cha wakulima mgeni alikionja siku ya kwanza, makande, akasema tumbo limemkataa. Tangu hapo akawa anakaangiwa mayai.

Ernesta alivua buti. Alisimama. Umande ulimng'ata nyayo.

"Na ile ndoo ya bluu iondoe, mama. Huna chungu?"

"Chungu alikuwa nacho bibi yangu. Alipopata ndoo akakitupa."

"Basi nitakiweka mwenyewe," alisema Asheri, na brashi ikaanza kwenda. "Unajua, mama, hata mimi ni mtu wa hapa. Ile ndiva pale juu aliichimba babu yake babu yangu."

Hilo lilikuwa kweli. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo wazee walilichimba kandokando ya kijito. Usiku linajaa, alfajiri linafunguliwa, na maji yanateremka mferejini mpaka shamba la mwenye zamu wa siku hiyo. Ndiva ya Mhezi ilichimbwa na ukoo wa kina Asheri kabla hawajahamia mijini. Kila siku ilikuwa na mwenyewe. Alhamisi ilikuwa ya Rodrick.

"Kama ni ya kwenu, mshukuru babu yako," alisema Ernesta. "Maharage haya yametoa maua. Alhamisi iliyopita tope lilikuwa limejaa, maji yakaishia nusu ya shamba. Hii ya kesho kutwa yakikosa, maua yanadondoka. Ua likidondoka, hakuna haragwe."

"Usicheke, mama. Simama na huzuni hivyohivyo."

Ernesta hakuwa amecheka, wala hakuwa na huzuni. Alikuwa na hasira, lakini kijana yule hakuwa na rangi yake.

*

Kesho yake, Jumatano, ilikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuondoa tope kwenye ndiva. Wanaume walichimba, wanawake wakabeba. Tope lilijazwa kwenye mabeseni, mabeseni yakapanda vichwani, na mistari ya wanawake ikawa inakwenda na kurudi, maji machafu yakiwachuruzika shingoni mpaka ndani ya nguo. Asheri alikuwa amesimama kwenye jiwe, anawapiga picha kwa simu.

"Mwenzangu, ukinipiga mimi unitoe na meno yote," Fortunata alimpigia kelele, watu wakacheka. Fortunata alikuwa mjane, jirani yake Ernesta, mdomo wake haukuwa na kufuli. Mumewe alikuwa mwenye Jumamosi. Alipozikwa, matanga hayajaisha, wakubwa wa ndiva walikaa wakasema mwanamke hawi na zamu, na Jumamosi ikapewa mzee Anderson, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu, amerudi kijijini, anatafuta maji ya miche yake ya parachichi. Fortunata sasa alimwagilia mboga kwa kopo. Lakini kwenye msaragambo aliitwa. Tope halikuuliza nani mjane.

Kazi ilipokwisha watu walikaa ukingoni. Mzee Eliezeri, mkubwa wa ndiva, alisimama na fimbo yake. Yeye hakuwa na karatasi. Zamu zote alikuwa nazo kichwani, na kila msaragambo ulipokwisha alizitaja kwa sauti, siku na jina, siku na jina, kama alivyomsikia baba yake akizitaja. Lakini kabla hajaanza, mzee Anderson aliomba nafasi.

"Ndugu zangu, Jumamosi tunapokea wageni wakubwa. Wengine wametoka Ulaya. Wanakuja kuona kazi ya kijana wetu Asheri, mjukuu wa mchimba ndiva hii. Sasa kijana ana ombi. Sema, baba."

Asheri alisema vizuri, kwa adabu, mikono nyuma. Alitaka kuichora ndiva ikiwa imejaa, na mlima Shengena ukijitazama ndani ya maji. Alihitaji asubuhi tatu za kufuatana bila ndiva kufunguliwa: Alhamisi, Ijumaa, na Jumamosi mbele ya wageni.

"Mimi yangu ya Jumamosi nitafungua mchana, wageni wakishaona," alisema Anderson haraka. "Loth ana Ijumaa, na Loth ameshavuna. Loth?"

"Mimi sina neno," alisema Loth.

"Basi imebaki Alhamisi."

Macho yote yakamwendea Rodrick. Ernesta, beseni likiwa bado kichwani, alimwona mumewe akinyooka mgongo, akijipangusa tope usoni kwa kiganja, kama mtu aliyeitwa mbele ya kanisa kupokea zawadi. Akajua kabla hajafungua mdomo.

"Msanii ni mgeni wangu," alisema Rodrick. "Analala kwangu. Siwezi kumnyima mjukuu wa mchimba ndiva. Alhamisi hii ninaitoa."

Watu wakapiga makofi. Neno lililotolewa ukingoni mwa ndiva halirudishwi; ndivyo ilivyo Mhezi tangu zamani, na kila mtu pale alilijua hilo, na Rodrick zaidi ya wote.

"Baba Blessing!" Ernesta alitua beseni chini kwa kishindo. "Maharage yametoa maua!"

Makofi yakakatika. Mtu mmoja akakohoa kicheko. Mzee Eliezeri alimgeukia polepole, hakumfokea.

"Mama, unajua utaratibu. Ukingoni anasema mwenye zamu."

"Na tope anabeba nani?"

"Tope tunabeba sote."

"Shika adabu, mke wangu," Rodrick alisema kwa sauti ndogo, meno yakiwa yamekutana.

Fortunata alimshika mkono akamketisha. "Nyamaza, shoga yangu," alimnong'oneza. "Mimi nilisema mpaka nikakauka koo. Walinipa pole."

*

"Umenivua nguo mbele ya watu," Rodrick alisema walipofika nyumbani.

"Nani kamvua mwenzake? Mimi jana nimevuliwa buti, leo nimevuliwa maji."

"Ernesta, hebu tulia unisikilize. Mzee Anderson anatafuta msimamizi wa kambi. Mtu wa kufungua geti, kupokea wageni, kukaa na funguo. Ameniambia mimi. Kwa mdomo wake."

"Ukingoni?"

"Nini?"

"Amekwambia ukingoni, mbele ya watu, neno lisirudi? Au amekwambia kwenye kona, akiwa anakushika bega?"

Rodrick aliinama. Alichukua kijiti akaanza kukwangua tope kwenye kisigino. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuitwa "wewe" na watu wenye geti, akaota siku ambayo geti lingekuwa mkononi mwake.

Asheri alitoka chumbani akiwa amevaa taulo. "Mama, samahani, maji ya kuoga yako tayari? Halafu nawashukuru sana. Kweli nimeguswa. Mjini wanatucheka eti Mpare anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Leo nimeona Mpare mkarimu."

"Maji yako jikoni," alisema Ernesta. "Hayo unaweza kumwaga."

*

Alhamisi jua lilimkuta shambani. Hakuhitaji kuinama kuona. Majani yalikuwa yamejikunja kama mikono ya mtu anayesikia baridi, na chini ya kila shina, juu ya udongo mkavu, maua meupe yalikuwa yamelala. Aliokota moja akalisaga kati ya vidole. Halikuwa na maji ya kutosha hata kuacha alama.

Juu ya shamba, upande wa kijito, alisikia mlio. Aliufuata. Ndiva ilikuwa imejaa pomoni, imezidiwa, na maji yalikuwa yakimwagika pembeni, juu ya mawe, yakishuka korongoni kwenda kusikolimwa. Maji yake ya Alhamisi. Yalikuwa yanapotea yakiimba.

Hakuigusa ndiva. Alitaka kwanza kuufuata utaratibu mpaka mwisho wake, asije mtu akasema hakuomba. Alipanda hadi kwa mzee Anderson. Alimkuta anaonyesha vibarua pa kupanga viti vya wageni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ah, mama Blessing! Nilitaka kukuita. Jumamosi utatusaidia jikoni, eh? Wageni wanapenda makande. Upike kwa kuni, wapige picha."

"Mzee, nimekuja kuomba maji. Nifungue leo saa chache tu. Usiku ndiva itajaa tena, kesho kijana ataikuta vilevile."

"Mama, jambo lilishapita ukingoni."

"Basi nipe saa mbili za Jumamosi yako."

Anderson alicheka kidogo, bila ubaya, jinsi mtu anavyomcheka mtoto aliyeomba kuendesha gari. "Parachichi hazingojei, mama. Ile ni mikataba ya watu. Haragwe ni haragwe; ukikosa hili msimu ujao unapanda lingine. Mwambie mumeo aje tuongee."

"Mume wangu ndiye anakula peke yake?"

"Usinipandishie sauti kwangu."

Vibarua waliacha kupanga viti. Ernesta aliwatazama, na wao wakatazama viti. Akageuka. Nyuma yake alimsikia mzee akisema, "Wanawake wa siku hizi," na kibarua mmoja akicheka ili asikose siku yake.

*

Asheri alikuwa ukingoni, mgongo kwa njia, picha imesimama juu ya miguu yake mitatu. Hakumsikia. Ernesta alisimama nyuma ya bega lake akaitazama kazi yake kwa mara ya kwanza.

Kijana alijua kuchora. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Maji yalikuwa maji, yalikuwa na baridi ukiyatazama. Mlima ulikuwa umelala ndani yake kichwa chini. Na chini ya ndiva, upande wa kushoto, lilikuwepo shamba lake. Alilijua kwa lile jiwe kubwa na kwa mgomba ulioinama. Ndani yake alisimama mwanamke mdogo, pekupeku, chungu kichwani. Na maharage yote, tuta kwa tuta, yalikuwa ya kijani. Kijani kibichi, kinachong'aa.

"Hilo shamba ni la nani?"

Asheri alishtuka. "Ah, mama! Ni lako. Umeona?"

"La kwangu limekauka. Geuka ulione, liko hapo."

"Najua, lakini picha ilitaka kijani pale. Kuweka uwiano na maji."

"Kwa hiyo umelinywesha kwa brashi."

Alitabasamu, akadhani amesifiwa. "Unaweza kusema hivyo."

"Wa kuchorwa wanakunywa," alisema Ernesta. "Wa kuzaliwa wangoje."

Akashuka ukingo. Mlango wa ndiva ulikuwa tundu chini ya ukuta, limezibwa kwa gogo lililovishwa majani ya mgomba na kukandikwa udongo. Hapakuwahi kutokea mwanamke aliyeligusa gogo lile. Ernesta aliingia kwenye mfereji na buti zake, akalikumbatia kama anayemtoa ndama tumboni mwa mamaye, akavuta.

"Mama! Mama, unafanya nini? Subiri!" Asheri alikuwa amesimama, brashi inadondosha bluu kwenye kiatu chake. "Nipe nusu saa! Anga bado sijamaliza!"

"Usiku itajaa tena."

"Mwanga hautakuwa uleule!"

"Na mimi njaa yangu haitakuwa ileile."

"Babu yake babu yangu—"

"Babu yenu alichimba watu walime! Angetaka kujitazama sura angenunua kioo!"

Gogo lilitoka ghafla likamtupa chali, na maji yakampita juu, mazito, ya kahawia, yakiguruma. Alisimama akiwa ameloa mpaka nywele. Pale juu, ndani ya ndiva, mlima ulitikisika, ukavunjika vipande, ukaanza kushuka. Kisha yakabaki maji ya chini, na pembeni pakaanza kuonekana tope.

"Haya," alimwambia akihema. "Chora na hilo."

Akakimbia na maji. Yalikuwa yametangulia mbele kwenye mfereji, na alipofika shambani yalishaingia matuta ya juu. Kazi ilikuwa kubwa kwa mikono miwili: kufungua tuta hili, kuziba lile. Rodrick alifika akikimbia, watu wachache nyuma yake, uso umemvimba kwa fedheha.

"Ernesta! Umeniua! Nitaweka wapi uso wangu?"

"Tuta la tatu linavunjika," alisema Ernesta bila kuinua kichwa.

Rodrick alitazama. Kweli lilikuwa linavunjika. Maji yalikuwa yanatoboa upande, yanaelekea njiani. Alisimama na maneno yake mdomoni. Lakini mkono wake ulikuwa wa mkulima kabla haujawa wa mtu wa geti, haukuweza kuona maji yakipotea. Alinyakua jembe, akaruka, akaziba. Halafu la nne. Wakafanya kazi hivyo mpaka maji yakaisha.

Matuta ya chini hayakupata. Ya chini yalikuwa yameshakufa.

*

Ijumaa watu waliitwa ukingoni. Walijaa kuliko siku ya msaragambo. Asheri alikuwepo, amekaa karibu na Anderson, picha yake imefunikwa kitambaa. Alikuwa ameimaliza asubuhi ile. Ndiva ilikuwa imejaa tena, kama alivyoambiwa.

"Zamu iliyotolewa imefunguliwa," alianza mzee Eliezeri. "Faini yake inajulikana. Mbuzi mmoja. Rodrick, simama."

Rodrick akaanza kuinuka, na hapo watu wakasikia mlio wa mbuzi. Ernesta alikuwa anapanda njia, amevaa gauni lake la kanisani na buti zake za mpira, kamba mkononi, mbuzi jike nyuma yake. Mbuzi huyo alikuwa wake. Alimpata kwa dada yake, akamlea mwenyewe. Wakampisha. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Eliezeri akamnyooshea kamba.

"Shikamoo, mzee. Nimeleta faini yangu."

"Marahaba. Mama, faini ni ya Rodrick."

"Rodrick hakufungua. Waulizeni walioona. Nilifungua mimi, kwa mikono hii. Hata msanii aliniona, macho yake ni mazuri sana."

Kicheko kikapita kwenye watu. Anderson alisimama. "Mzee, hili ni suala la ndani ya nyumba yao. Mwanamke hatozwi faini ya ndiva. Faini hutozwa mwenye zamu."

Akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Ndiyo hivyo," alisema Ernesta. "Faini hutozwa mwenye zamu. Mkimpokea mbuzi huyu mkononi mwangu, mimi ni mwenye zamu. Msipompokea, basi sikuvunja kitu, na Alhamisi ijayo nitakuja kufungua tena. Chagueni. Mbuzi wangu mimi sina shida naye. Si wanatucheka kwamba tunauza ng'ombe kwa kesi ya kuku?"

Hapakuwa na aliyecheka safari hii, isipokuwa Fortunata. Kicheko chake kilikwenda mpaka ng'ambo ya bonde kikarudi.

"Chukueni faini kwa Rodrick, tuondoke," alisema Anderson. "Rodrick! Sema neno! Wewe si mwanaume?"

Rodrick alikuwa bado amesimama nusu, magoti yamekunjika. Alimtazama Anderson, akamtazama mkewe, akazitazama buti. Kisha akakaa chini.

"Mimi sikufungua," alisema.

Mzee Eliezeri alimtazama mbuzi. Alikuwa mtu wa utaratibu. Maisha yake yote aliubeba kichwani, na sasa utaratibu wenyewe ulikuwa umemgeukia ukamkazia macho. Kumwacha mbuzi asimame pale ilikuwa kusema kwamba ndiva inaweza kufunguliwa na yeyote. Mkono wake ulitoka chini ya koti. Akaishika kamba.

"Faini imepokelewa," alisema. Halafu, kwa kuwa kila kikao huishia hivyo, akapiga fimbo chini akaanza kutaja zamu. Jumapili. Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Sauti yake ilikuwa kavu. Akasita.

"Alhamisi," alisema, "Ernesta."

Akaendelea. "Ijumaa, Loth. Jumamosi, An—"

"Jumamosi ilikuwa ya nani, mzee?" aliuliza Ernesta.

Alikuwa hajakaa. Alikuwa amesimama palepale, mikono mitupu sasa, na nyuma yake, polepole, kitu ambacho hakuna aliyekitegemea, Fortunata aliacha kucheka akainuka. Kisha mwanamke mwingine. Kisha wale wote wa mabeseni.

Asheri alikuwa tayari ameshatoa simu awapige picha. Hakuna aliyemgeukia.

"Kichwani unazo zote, mzee," alisema Ernesta. "Taja. Jumamosi ilikuwa ya nani?"